Anayeosha Hajibu

Jumatatu, 3 Machi

Wamefunga ukumbi wetu. Kufuli kubwa, na juu yake karatasi yenye muhuri: mikutano imesimamishwa mpaka afisa wa wilaya asikilize malalamiko. Niliisoma nikiwa na mswaki mdomoni, maana nilitoka mbio niliposikia majirani wanapiga vigelegele. Muuza mkaa akaniuliza, sasa miguu yetu tutaoshea wapi. Nikamwambia aanze na yake.

Mchana Mama alikuja saluni kujifanya anasukwa. Ndiyo njia yake ya kuniona. Nywele Baba hawezi kuzikataza. Akaninong'oneza kwenye kioo kwamba malalamiko yametiwa sahihi na makanisa matatu na matajiri kadhaa, na sahihi ya kwanza ni ya Baba. Sikushangaa. Ualimu mkuu alishastaafu, kusahihisha watu bado.

Na kosa letu ni nini? Beseni! Kila Jumapili mkubwa anapiga magoti na kumwosha mdogo miguu: mume mkewe, bosi kibarua wake, mzazi mtoto. Akishaoshwa, mdogo anasema lililo moyoni. Na aliyeosha hajibu. Hajibu mpaka Jumapili ifuatayo. Basi. Hatuuzi mafuta, hatukemei mapepo, hatuna nabii. Mjini wanatuita Watu wa Beseni. Redioni mhubiri mmoja katuita dini ya talaka.

Jumatano, 5 Machi

Saluni imepooza. Wateja wawili tu, na mmoja kaniomba nisimwombee wakati namshika kichwa. Nikamwambia nywele zenyewe ndizo zinazohitaji maombi. Akacheka, angalau.

Uadui huu wote ulianzia kwa mwenye kiwanda cha mikate. Mwaka jana aliingia kwetu, akamwosha miguu kibarua wake wa tanuri. Yule kijana akanyoosha mikono, yote makovu ya moto, akasema: "Glavu nimekuomba mpaka nimechoka kuomba." Bosi midomo ikamcheza, lakini sheria ni sheria. Akakaa na maneno yale wiki nzima. Jumapili iliyofuata akaja na jibu: glavu za kiwanda kizima, na ombi la msamaha juu yake. Mabosi wengine waliposikia hivyo wakaanza kusema sisi ni hatari kwa jamii. Kweli ni hatari!

Mama anasema Baba yuko tayari kunipokea nikiachana na beseni. Kunipokea! Siku nilipokimbia kipigo cha yule aliyekuwa mume wangu, na begi moja na jicho limevimba, Baba alinisimamisha getini. Hakunifungulia. Alisema binti wa mwalimu haachi ndoa katikati, akamlipa dereva anirudishe nilikotoka. Nilikaa kule mwaka mwingine. Tangu nimetoka, kila nikitaka kumwambia mwaka ule ulikuwaje, ananikatiza. Baba ana jibu la kila kitu. Mimi nataka anisikie mara moja, mwanzo mpaka mwisho, anyamaze. Nisijidanganye, ndicho kilichonipeleka kwa Watu wa Beseni. Mungu nilimkuta hukohuko baadaye.

Jumapili, 9 Machi

Tumeabudu barabarani, mbele ya kufuli. Mtaa mzima ulitoka kutucheka, wengine na viti vyao kabisa.

Fundi magari akapiga magoti kwenye vumbi akamwosha mkewe. Mke akasema taratibu: "Ukinitania mbele ya rafiki zako mnacheka wote. Nikibaki peke yangu nalia." Fundi akainamisha kichwa. Kicheko cha ng'ambo kikakatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kiti akageuka kumwita mumewe aje asikie, kumbe bwana ameshakula kona. Hapo tukacheka sisi.

Nimerudi kifua mbele. Wametufungia ukumbi, wakatupa barabara!

Jumatano, 12 Machi

Leo! Lazima niandike yote.

Afisa alituweka chumba kimoja ofisini kwake: walalamikaji kulia, sisi kushoto. Baba mstari wa mbele, tai imenyooka, hakunitazama. Alisimama akasoma malalamiko kwa ile sauti yake ya paredi. Eti tunavunja heshima. Eti mtoto akishamsema mzazi bila kujibiwa, nyumba haina tena mkubwa. Alisoma vizuri, kusema kweli. Niliumia nikiona anavyosoma vizuri.

Kisha mhubiri wa redioni akatia chumvi mpaka ikawa chumvi tupu. Eti tunanyweshana maji ya miguu, eti tunaapishana. Afisa akapiga meza. Akamwambia Dada Muuguzi, ambaye ndiye mlezi wetu, kwamba amechoka kuambiwa, anataka kuona kwa macho yake hicho tunachofanya.

Dada Muuguzi ametumia maisha yake kwenye wodi ya wagonjwa. Hana haraka na hana woga. Akalitoa beseni kwenye kapu, akamimina maji, akalibeba — si kwa mwenye mikate, si kwa fundi — akaliweka miguuni pa afisa.

"Anayeosha ni mkubwa," akasema. "Humu ndani mkubwa ni wewe, mheshimiwa."

Afisa akacheka. Akauliza, haya, nimwoshe nani? Dada akasema yeyote aliye chini yako na mwenye jambo.

Hapo nikasikia viatu. Mlangoni walikuwa wamejaa watu wa ofisi ile waliokuja kuchungulia. Karani anafungua kamba za viatu. Mpiga chapa ameshavua, kasimama peku. Dereva wa afisa kakaa chini kabisa, soksi mkononi. Mlinzi anauliza foleni inaanzia wapi!

Uso ukamshuka afisa, mzee wa watu. Akalitazama beseni, akawatazama wale watu, akaitazama miguu ile yote. Kisha, harakaharaka, akasema haoni kosa la kisheria katika ibada hii, ukumbi ufunguliwe, na beseni litoke ofisini kwake sasa hivi.

Tulitoka tukiimba. Mhubiri wa redioni alipita mlango wa nyuma. Nilivimba kichwa, sioni aibu kukiri. Kwenye ngazi nikamsubiri Baba nimwone alivyoshindwa. Akapita karibu nami, polepole, ameshika ukuta. Hakuwa na jibu lolote. Ni mara ya kwanza, na nilitaka kushangilia, nikashindwa kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Kufuli limetoka. Saluni imejaa mpaka nimeazima viti. Wote wanataka habari za viatu vya karani. Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila nikisimulia foleni inarefuka.

Mama hajaja kusukwa. Anasema kwa simu kwamba Baba amejifungia na Maandiko, hali chakula vizuri, na nisimuulize zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa chumba cha nyuma, birika liko jikoni. Lazima niandike sasa hivi, nisije baadaye nikafikiri nimeota.

Baba yuko saluni kwangu.

Kaja asubuhi, kabla sijaenda ukumbini, Mama nyuma yake na beseni la nyumbani. Hakunisalimu. Akasema ameisoma sura ile ya Injili ya kuoshana miguu wiki nzima akitafuta kosa letu, na hakuliona. Akasema ukumbini hatakuja, nisimtegemee, watu wale anawafahamu wote, nusu amewafundisha. Lakini hapa atafanya. Nikauliza atafanya nini. Akaniambia nisijifanye mjinga.

Nimeshinda! Mbele ya mtaa, mbele ya afisa, na sasa hili. Maneno yangu ninayo yote: geti, begi, dereva, mwaka ule mzima mwezi kwa mwezi. Nimeyafanyia mazoezi kwenye vichwa vya wateja. Hatanikatiza. Hawezi!

Nimempelekea maji ya moto. Amechanganya na ya baridi, kakunja mkono wa shati, akachovya kiwiko. Si vidole, kiwiko! Akaongeza ya baridi kidogo, akachovya tena. Hivyo watu hupima maji ya mtoto mchanga. Nimerudi huku kumuuliza Mama, aliyenifuata, Baba amejifunzia wapi.

Mama ananitazama kama mtu wa ajabu. "Nilipokuzaa nililazwa miezi. Unadhani nani alikuwa anakuogesha?"

Sikuwahi kuambiwa. Baba hakuwahi kusema. Mtu mwenye jibu la kila kitu!

Kupitia pazia namwona ameshapiga magoti. Goti limemuuma, kashika kiti, lakini hainuki. Anangoja, na sijawahi kumwona Baba akimngoja mtu.

Nimemwambia Mama labda nipunguze. Labda niseme la getini tu, mengine niache. Mama kanishika mkono kwa nguvu. Anasema siku ile yeye alikuwa nyuma ya geti lile lile, akasikia kila kitu, na akanyamaza. "Sema yote, mwanangu. Usimpunguzie. Na mimi nitakaa pale nisikie."

Baba ananiita. Nimevua kiatu kimoja.