Muuzaji wa Gari ya Kukunja Paa

Maskati, Jumatano baada ya Isha, 1968

Nassor na aseme nnamdhania vibaya kila mtu, lakini gari ile mie siitaki.

Ni ya Kimarekani, nyekundu, ndogo kuliko gari zao nyingine, na paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Mume wangu Nassor kaizunguka mara tatu. Muuzaji katwambia kwa Kiarabu kuwa kaitoa Bahreni na kibali cha Sultani cha kuwa na gari anacho, ni kubadilisha jina tu. Kibali gani hicho, na wenzetu wanangoja chao mwaka wa pili huu?

Kama kawaida yetu, tukasemezana mbele yake kwa Kiswahili. Nikamwambia Nassor, "Usioneshe kama waipenda. Huyu macho yake hayatulii." Nassor akajibu kuwa yeye akibanwa atalipa hata bei ile ya mwanzo tuliyotajiwa. Muuzaji akatazama pembeni, kama hasikii kitu.

Kisha Nassor akavuta paa, likakwama. Akalivuta kwa nguvu.

"Taratibu bwana, utalichana," akasema yule muuzaji. Kiswahili cha Unguja mjini, safi kabisa.

Nassor akaliachia paa.

Nassor kafurahi, ati kumbe ni mwenzetu, atatupunguzia. Nikamuuliza: mtu aliyekaa saa nzima akaficha lugha aliyozaliwa nayo, kwenye gari kaficha nini?

Tangu turudi nyumbani twanong'ona, na humu ndani tumo wawili tu.