Jina Lililoandikwa kwenye Tiketi ya Siku

Silke, nimeshushwa kwenye treni! Usinicheke!

Tulikuwa watano kwa tiketi moja ya siku, ile ya kundi inayoandikwa jina la kila abiria, tuzunguke mkoa mzima. Majina aliyajaza mama yake mchumba wangu Henning, kwa kalamu.

Kondakta akatazama kitambulisho changu. "Dada, wewe si Annegret."

ANNEGRET! Mke wa zamani wa Henning! Ndiye kaandikwa!

Mama mtu anatabasamu: "Mkono umezoea, mwanangu."

Umezoea? Miaka mitatu nameza supu yake ya viazi!

Kondakta akasema nishuke kituo kinachofuata. Nikamgeukia Henning, mchumba mwenyewe. Eti, "Shuka tu, mpenzi, usituharibie siku."

Usituharibie siku!

Nikavua pete, nikamkabidhi kondakta: "Huyo Annegret akipanda, mpe."