Nani Alimwosha Mama Gervas

Litapunga, Mpanda
Mahindi yanavunwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba shikamoo, maana najua ndiye anayekusomea. Huku tulikatazwa kupeana mikono, kwa hiyo pokeeni wangu kwenye karatasi hii. Mnaendeleaje? Kifua cha Baba kimepoa? Mimi ni mzima na tumbo linakua. Gervas mume wangu naye yupo. Barabara ilikuwa imefungwa, ndiyo maana mmekaa bila habari zangu.

Baba, yanayofuata usimrukie Mama hata mstari mmoja. Nakujua.

Mama, mkwe mwenzako Mama Gervas amefariki. Yule mliyegombana siku ya harusi yangu kwa sababu ya mbuzi kilema, ukasema naolewa kwa mwanamke mwenye mdomo. Mdomo alikuwa nao kweli. Lakini ndio ulioniacha hai.

Ugonjwa ulianzia nyumba za chini, karibu na mto. Mtu anahara na kutapika asubuhi, jioni hana hata sauti. Bwana afya alikuja na baiskeli yake, akasema unaitwa kipindupindu, tuchemshe maji, na maiti tusizioshe. La maji tulikubali. La maiti wazee walikataa.

"Tumzike mtu na uchafu wake, kwani ni mbwa?" Mama Gervas alimwambia mbele ya watu.

Huku ni kama kwetu, kuosha ni kazi ya kina mama watu wazima, na wakimaliza wanakula pamoja sinia moja kabla ya kutawanyika. Basi wakaosha, wakala. Mimi nilibeba ndoo ya maji ya moto nikawasaidie. Mama Gervas akanitimua na mwiko.

"Toka hapa na tumbo lako! Nani kakuita?"

Nililia, Mama. Niliona ananitenga kwa kuwa mgeni.

Baada ya hapo waoshaji wakaanza kuugua. Aliyekufa, wenzake walimwosha, kisha nao wakafuata. Unajua tangu tuhamishiwe kijijini nyumba zetu zimepangwa kwa safu. Katika safu yetu kina mama wote watu wazima wamekwisha. Kwa wanawake, waliobaki ni vijana na watoto, wale tuliofukuzwa kwenye kuosha. Mimi ambaye sijazaa bado ndiye mkubwa wao. Wakigombana wanakuja kwangu niwaamue, na wananiita Bibi. Mwanzoni nilicheka. Siku hizi naitika tu.

Mama Gervas alimwosha mwenzake wa mwisho peke yake. Aliporudi aliingia jikoni, akafunga mlango kwa ndani.

"Yustina, tumbo limeshanianza," akasema. "Usifungue. Nikifa nyie msiniguse, mwite yule bwana afya na dawa yake. Alisema kweli, mwanangu. Sisi ndio hatukusikia."

Niliweka uji mlangoni, hakuuchukua.

Kesho yake Gervas alirudi kutoka porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Kijiji kilikuwa kimefungwa, hakuna kuingia, akasimama ng'ambo ya mto akaita, "Mama yuko wapi?" Nikakimbia mpaka mlango wa jikoni nikamweleza mama yake. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Mwambie nimelala. Akijua atavuka."

Nikarudi mtoni nikampigia mume wangu kelele kwamba amelala. Alicheka. "Mama huyo kulala mchana? Mwambie nimemletea asali." Akaweka kibuyu juu ya jiwe, akaenda zake porini kungoja. Nilipofika tena jikoni niliita, hakuitika.

Bwana afya alimfunga kwenye mkeka uliolowa dawa. Sikumgusa hata unywele.

Sasa Gervas yuko nyumbani. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, "Nani alimwosha?" Nikashindwa kumjibu. Kila jioni anakaa kwenye mlango wa jikoni, na kile kibuyu cha asali hataki kifunguliwe. Inaniuma sana, Mama, kuliko njaa na hofu yote tuliyopitia.

Usije huku, nakuomba kwa magoti. Bado hatujui kama ugonjwa umekwisha. Lakini wewe ni mtu mzima, na ni mkwe mwenzake. Chemsha maji leo. Yamwage polepole kwenye kizingiti chako, kwa mikono yako, ukimtaja jina kama unavyomwosha mtu. Na lile la mbuzi mwambie limekwisha.

Nisalimie Bibi mzaa Baba, na Mjomba katekista amwombee kanisani. Wadogo zangu waambie wachemshe maji, wasinicheke. Na Baba, ukimaliza kusoma, toa karatasi uniandikie kwamba Mama amemwosha. Gervas bado ananisubiri nimjibu.

Mimi binti yenu,
Yustina, bibi wa safu nzima