Kigoda Chako Nimekirudisha Kwayani

Shikamoo, Mama. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema na mkubwa bila shikamoo, hata nikiwa na hasira. Na hasira ninayo, tena na wewe.

Kila Jumamosi nilikupakia kwenye baiskeli, nikaikokota mpaka kanisani na kigoda chako kimefungwa mbele, maana magoti yalishakataa kusimama. Jioni nikija kukuchukua nauliza, "Mmeimbaje leo?" Unajibu, "Tumeimba mpaka mabati yakalia!" Kumbe ulikuwa nje.

Amenieleza Bibi Koleta, mwenzako wa sauti ya pili, tukimenya ndizi za matanga. Eti tangu Kwaresima Mwalimu Deo alisema anayeketi anaharibu mstari. Deo! Uliyemfundisha kuimba angali na kamasi puani. Ukaenda na kigoda chako nyuma ya kanisa, chini ya dirisha, ukaimbia huko. Jumapili ulikaa nami kwenye mabenchi ya waumini ukisema ni zamu ya vijana. Nikaamini, mjinga mimi.

Na kwaya nzima ilijua. Walinipokea baiskeli, wakacheka nami, hakuna aliyefungua mdomo. Halafu kaburini Deo akashika kipaza sauti, analia, anakuita nguzo ya kwaya. Nguzo gani hiyo, unaing'oa na nyumba haitikisiki? Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti, Mama. Nilijizuia kwa ajili yako tu.

Basi Jumamosi iliyopita nilibeba kigoda, nikaingia katikati ya mazoezi, nikakiweka kwenye mstari wa sauti ya pili. Bibi Koleta naye miguu imevimba, amekuwa akisimama kwa kuuma meno asije naye akatolewa nje kama wewe. Nikamwambia, "Kaa, bibi." Akamtazama Deo. Deo akatazama sakafu. Bibi akakaa taratibu, akashusha pumzi, akaanzisha wimbo bila kungoja mkono wa mwalimu. Wakamfuata wote, hata Deo.

Nakuahidi, kigoda hakitoki. Wakikitupa nje, nitakirudisha, na wakikivunja, nitachonga kingine.

Lakini wao nimeshamalizana nao. Wewe nikwambie nini? Ulinificha nini, aibu? Mimi niliyekuosha miguu? Ungesema tu, Mama. Kuimba sijui, lakini pale dirishani ningekaa nawe.

Pumzika. Naamini huko wamekupa pa kukaa.

Mwanao,
Adela