Nyuzi za Damu ya Kabula

Jumatatu, 5 Machi 1984
Sindano ya tatu. Kabula alinyoosha mkono mwenyewe, hakulia. Nililia mimi, chooni. Nywele zimebaki kishungi kimoja. Uji hakumaliza. Ana miaka sita na anaweza kutamka "saratani ya damu" bila kukosea. Majibu kutoka Ulaya bado. Daktari alimtoa uboho mfupani kabla ya sindano ya kwanza, akaupeleka huko wakaangalie seli za ugonjwa kwa ndani, ajue kama dawa zitaziweza. Hapa Shinyanga hatuna vifaa hivyo.

Alhamisi, 8 Machi
Barua ya mume wangu kutoka machimboni Geita. Mama yake kaamua: ugonjwa umetoka kwetu. Anamtaja mdogo wangu aliyekufa angali mtoto, akitokwa damu puani. Anataka Kabula arudishwe nyumbani Tinde, kwa mganga. Nilikasirika. Kisha nikaogopa. Mdogo wangu alikufa hivyo kweli. Huenda ni mimi niliyempa mwanangu.

Jumatatu, 12 Machi
Homa kali. Damu imeshuka mno. Sindano ya nne imeahirishwa. Naichukia dawa hii. Naogopa zaidi wakiiacha.

Jumanne, 13 Machi
Homa bado. Leo hajaniita hata mara moja.

Ijumaa, 16 Machi
Homa imeshuka. Kabula kaniita "Mayu," mama kwa Kisukuma chetu, akataka maji. Nilimnywesha kikombe kizima.
Saa nne baba yake akaingia wodini, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.
"Mama Kabula, nimekuja kumchukua. Hiyo dawa inamuua."
"Ongea na daktari kwanza. Bila hivyo utanikanyaga hapa mlangoni."
Sijawahi kumjibu hivyo. Akakaa kwenye benchi. Hakuondoka.

Jumatatu, 19 Machi
Majibu yamefika. Daktari alitukalisha wote wawili. Kila seli ina kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi. Seli za ugonjwa wa Kabula zina nyuzi nyingi kupita kawaida. Nikajua tumekwisha. Kumbe ni heri! Wataalamu wameona kwamba watoto wenye seli za namna hii huitikia dawa vizuri kuliko wengine wengi. Kwa nini, bado hawajui. Na uboho aliopimwa juzi hauonyeshi ugonjwa. Hajasema kapona. Dawa itaendelea miaka.
Baba Kabula akauliza, "Hizo nyuzi za ziada kazipata kwa mama yake?"
"Hapana, mzee. Hakuzaliwa nazo. Zimeongezeka ndani ya seli za ugonjwa tu. Hakuna aliyempa."
Nilishika ukingo wa meza. Siku kumi na moja nimejihukumu.
Mume wangu akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama Kabula." Mbele ya daktari.
Sindano ya nne saa tisa. Yeye ndiye aliyemshika mtoto.

Jumamosi, 24 Machi
Nyumbani Tinde, ruhusa ya siku nne. Mama mkwe alikuja asubuhi, akaniletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, hakusema neno juu ya ukoo wetu. Nimeipokea. Mchana joto. Kabula kala michembe na karanga, kagombana na kuku, kalala mkekani. Baba yake anakandika ukuta wa jiko. Nimekaa nikimsikiliza mtoto anavyopumua, mpaka nikasahau kusikiliza.