Banarudisha Jina Yangu

Mususa, Butembo

Mama Mukubwa Kavugho,

Maharagi yako ilitufikia toka Beni, na Josué anakula kama mutu mukubwa. Lakini aksanti ya leo ni ya siku ile ulinisindikiza kwa munganga.

Nilikuwa ninasema tu: tumbo ya chini. Kwetu mwanamuke akiumwa tumbo, banamuacha alale. Akisema ni moyo inamuuma, banamuambia ajikaze. Munganga akapima, hakuona kitu. Bwana yangu Éphraïm akakasirika: "Donc, kumbe unatudanganya?" Wewe ukamujibu: "Hata mimi, nilipozika mutoto, tumbo iliniuma vile. Mama Rébecca, sema."

Mama Rébecca! Toka tumuzike binti yetu Rébecca, bote balikuwa bananiita Mama Josué, jina ya mudogo wake. Nililia palepale, mpaka munganga akaacha kuandika.

Maumivu inarudia mara moja moja. Jana ilinikamata mu jikoni. Éphraïm akaikala karibu yangu, akauliza polepole: "Mama Rébecca, unamuwaza?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Hata mimi."

Utusamehe, maharagi yako tulikuwa tunapika jana iliungua yote.

Mutoto yako,
Mama Rébecca