Moto wa Kisiwani Rukuba

Dada Wakuru,

Mguu wa mama unaendeleaje huko Butiama? Mimi niko kwa shangazi, kisiwani Rukuba, nakula sato asubuhi na jioni mpaka nguo zinabana.

Juzi nilijiaibisha. Nilipika mimi, na nilipoepua nikaumwagia maji mkaa uliobaki, vile mama anavyosemaga, kwamba moto ukimaliza kazi uzimwe. Kugeuka, jirani yetu Mama Nyafuru amesimama mlangoni na sufuria ya maharage, anautazama moshi. Akageuka, akarudi nayo kwake. Shangazi ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, hapa samaki ni rahisi, moto ndio ghali."

Kumbe hapa kuni za kuokota hakuna. Mkaa ule ule wa Kiabakari ukifika Musoma bei imepanda, ukivuka ziwa inapanda tena, maana kila anayeubeba naye anataka kula. Mtungi wa gesi nao unapita njia hiyo hiyo. Basi nyumba tatu zinapikia jiko moja. Akiepua huyu anainjika yule, na joto la mwisho ni la maji ya kuogesha watoto.

Jana nikapika tena. Nilipoepua nikatoka kumwita Mama Nyafuru mwenyewe. Alikuja na kigoda chake, tukakaa mpaka maharage yakaiva, ananicheka tu.

Mpe mama pole, na mwambie nimenenepa. Na wewe leo ukimaliza kupika, usizime kwanza. Angalia nani yuko mlangoni.

Mdogo wako,
Bhoke